Kutoka Ubaoni Hadi Kwenye Runinga: Unaponunua Mchezo wa Kupakua, Unanunua Nini?

Mtu anayenunua ubao wa bao sokoni Korogwe anajua alichonunua. Ameuona mti, amehesabu mashimo 32, ametikisa mfuko wa komwe na kuhakikisha kuwa kete 64 zimo zote. Akifika nyumbani, ubao ni wake. Anaweza kumwazima jirani, kumwachia mwanawe urithi, au kuurudisha sokoni na kuuuza. Hakuna atakayebisha hodi baada ya miaka kumi kumwambia kwamba bao lake limefungwa.

Mchezo huohuo ukinunuliwa kwa kupakuliwa kwenye mashine ya michezo ya video, mambo hayawi hivyo. Fedha hutoka, mchezo huonekana kwenye runinga, na familia hufurahi. Lakini haki alizonazo mnunuzi ni za namna nyingine kabisa, na wengi huja kuzigundua siku mchezo unapokataa kufunguka. Makala hii inawalenga watumiaji wa kawaida wa Handeni na Korogwe: mzazi anayewanunulia watoto, kijana anayenunua mashine iliyotumika, na mwenye kibanda anayetoza kwa dakika. Lengo lake ni kueleza jinsi michezo ya ubao inavyogeuzwa kuwa programu, mnunuzi anapata nini hasa, na afanye nini ili fedha yake isipotee.

Mchezo wa ubao unavyogeuzwa programu

Kugeuza mchezo wa ubao kuwa mchezo wa video si kupiga picha ya ubao na kuiweka kwenye runinga. Kila sheria ambayo wachezaji huijua kwa mazoea, na kila ubishi ambao wazee huumaliza kwa neno moja, lazima uandikwe wazi ndani ya programu. Tutazame bao la Kiswahili. Mchezo huanza kwa kunamua: kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, naye huziingiza moja moja. Kete za mkononi zikiisha, huanza awamu ya mtaji. Kuna shimo liitwalo nyumba lenye masharti yake. Kuna kula, kuna kutakata, na kuna hali ambazo mchezaji anapofika nyumbani huamua kusimama au kuendelea kusambaza. Mtunga programu akikosea sharti moja tu, anachouza kinabaki na jina la bao, lakini mchezo wenyewe umekwisha kuwa mwingine.

Drafti ina tatizo kama hilo. Katika sheria za Kiingereza, kingi husogea hatua moja moja. Katika sheria za Kirusi, kingi huruka mbali kadiri njia ilivyo wazi, na kete ya kawaida huruhusiwa kula ikirudi nyuma. Aliyezoea kingi anayeruka, kisha akanunua programu ya sheria za Kiingereza, atadhani mashine ina hitilafu. Haina hitilafu yoyote. Amenunua mchezo mwingine wenye jina lilelile.

Jambo la pili ni siri. Katika bao na drafti kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote, hivyo watu wawili wanaweza kukaa mbele ya runinga moja na kupokezana pedi. Karata si hivyo. Karata zako zikionyeshwa kwenye runinga ambayo mpinzani wako naye anaitazama, mchezo umekwisha kabla ya kuanza. Ndiyo sababu michezo mingi yenye karata au mali za siri, ikigeuzwa kuwa ya video, humtaka kila mchezaji awe na mashine yake na kuunganishwa kwa mtandao. Mnunuzi asiyelijua hilo hununua mchezo uliotangazwa kuwa wa watu wanne, kisha akagundua kwamba watoto wake wanne hawawezi kuucheza pamoja sebuleni.

Jambo la tatu ni mpinzani wa mashine. Mchezaji akiwa peke yake, programu hucheza upande wa pili. Kumtengeneza mpinzani mwenye akili ni kazi ngumu na ya gharama, na ubora wake hutofautiana sana. Bao lenye mpinzani dhaifu huchosha katika siku mbili.

Jambo la nne ni ruhusa. Bao ni mali ya jamii nzima. Hakuna kampuni inayoweza kudai kwamba sheria zake ni zake. Kwa kawaida hakimiliki hulinda michoro, maandishi, muziki na programu iliyoandikwa, wala hailindi wazo la jinsi mchezo unavyochezwa. Ndiyo maana programu za bao na drafti ni nyingi, zingine za bure na zingine za kulipia. Michezo mipya ya ubao ina wenyewe: majina yake husajiliwa kuwa alama za biashara, na michoro yake ni mali ya watu. Anayetaka kuigeuza kuwa ya video huingia mkataba na mwenye mchezo, mara nyingi kwa muda maalumu. Mkataba ukiisha, mchezo huweza kuondolewa dukani.

Mfano wa kujifunzia

Mchezo wa Catan ulitungwa na Mjerumani Klaus Teuber na kutolewa mwaka 1995. Wachezaji hujenga vijiji na barabara katika kisiwa na kubadilishana mbao, matofali, nafaka, sufu na madini. Mwaka 2007 ulitolewa kama mchezo wa kupakua kwenye mashine ya Xbox 360, ukatengenezwa na studio ya Marekani iitwayo Big Huge Games. Mwaka huohuo ulifuata Carcassonne, mchezo wa Klaus-Jürgen Wrede, na mwaka 2008 ukaja Ticket to Ride wa Alan R. Moon. Hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa wimbi kubwa la michezo mipya ya ubao kuingia kwenye mashine za sebuleni bila diski wala boksi.

Historia hiyo ina mafunzo mawili kwa mnunuzi wa Chanika au Manundu.

Funzo la kwanza ni bei. Catan haikuuzwa kwa dola bali kwa pointi 800 za duka hilo, na pointi 80 zilikuwa sawa na dola 1 ya Marekani. Aliyeona "800" hakuona fedha. Ilimpasa kupiga hesabu ili ajue kwamba ni dola 10. Pointi hizo ziliondolewa mwaka 2013, lakini mtindo wenyewe haukufa. Hadi leo michezo mingi huuza sarafu, almasi au vito vyake vya ndani.

Funzo la pili ni umri wa duka. Duka la Xbox 360 liliacha kuuza michezo tarehe 29 Julai 2024. Kabla yake, duka la mashine ya Wii lilifungwa tarehe 30 Januari 2019, na maduka ya Wii U na 3DS yaliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Katika kufunga kwa Xbox 360, wenye duka walieleza kwamba waliokwisha kununua wangeendelea kucheza na kupakua upya walichokinunua. Hata hivyo uwezo huo unategemea kampuni kuendelea kuwasha mitambo yake. Ubao wa mninga hautegemei mtambo wa mtu yeyote.

Unachonunua ni ruhusa ya kutumia

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Neno "nunua" kwenye kitufe cha duka la mtandaoni kwa kawaida lina maana ya kupewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia mchezo kwa masharti yaliyoandikwa katika mkataba ambao wengi huukubali bila kuusoma. Masharti ya kawaida ni haya:

1. Leseni hufungwa na akaunti yako. Haifungwi na mashine.
2. Huruhusiwi kuiuza, kuikodisha wala kumrithisha mtu mwingine, isipokuwa pale masharti yanaposema vinginevyo.
3. Matumizi ni ya nyumbani, wala si ya biashara.
4. Kampuni inaweza kusitisha huduma ya mtandao, na akaunti iliyovunja masharti inaweza kufungwa pamoja na michezo yote iliyomo.

Ubishi kuhusu neno hilo haupo kwetu peke yetu. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni, kama bidhaa hiyo inaweza kuondolewa mikononi mwake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kumpotosha mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa njia ya kielektroniki. Kwa hiyo ule mraba mdogo unaoubonyeza kukubali masharti si mapambo. Ni sahihi yako.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

Idadi ya wachezaji na mahali walipo. Tafuta katika maelezo ya mchezo kama wachezaji wanaweza kukaa mbele ya runinga moja, au kama ni lazima kila mmoja awe na mashine na mtandao wake. Angalia pia kama mchezo unafunguka pasipo mtandao. Kwa kaya iliyo mbali na mnara, jibu la swali hili ni muhimu kuliko uzuri wa picha.

Ada nyingine. Mashine kadhaa hutoza ada ya uanachama ya kila mwezi au mwaka kwa anayetaka kucheza na watu wengine kwa mtandao. Mchezo wa bei nafuu ukihitaji uanachama wa ghali, bei yake halisi ni jumla ya vyote viwili.

Sheria za mchezo. Soma maelezo au tazama video ya mtu akiucheza. Kwa bao, hakikisha ni lenye safu nne za mashimo manane, na si mojawapo ya michezo ya mashimo ya nchi nyingine yenye safu mbili. Kwa drafti, tazama kingi anavyosogea.

Ukubwa wa mchezo na gharama ya bando. Tuseme mchezo una GB 1.5. Bando la GB 1 halitoshi, litaisha njiani. Kwa mtandao unaopitisha megabiti 2 kwa sekunde, upakuaji utachukua sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40, endapo hakuna kukatika. Kumbuka pia kwamba mchezo huongezewa marekebisho baada ya kupakuliwa, nayo hula bando. Bei ya mchezo, basi, ni bei ya dukani ukijumlisha bando la kuupakua na la kuutunza. Ni busara kuuliza kama mchezo huohuo unapatikana kwa diski, kwa mashine inayopokea diski. Diski huweza kuazimwa na kuuzwa, ingawa nayo mara nyingine huhitaji marekebisho ya mtandaoni.

Sarafu za ndani ya mchezo. Zigeuze kila mara kuwa shilingi. Tuseme sarafu 100 zinauzwa shilingi 5,000, na kila raundi ya mchezo inataka sarafu 30. Raundi moja inakugharimu shilingi 1,500. Baada ya raundi tatu umebakiwa na sarafu 10, ambazo ni shilingi 500 usizoweza kuzitumia mpaka ununue kifurushi kingine. Mabaki hayo ni sehemu ya mpango wa biashara: humvuta mchezaji kurudi kununua.

Kurudishiwa fedha. Maduka hutofautiana. Duka la PlayStation, kwa mfano, hupokea ombi la kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 tangu kununua, lakini kwa kawaida haki hiyo hukoma mara mnunuzi anapoanza kupakua, isipokuwa mchezo wenyewe uwe na kasoro. Maana yake ni kwamba uchunguzi wako unapaswa kukamilika kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua.

Duka ni la nchi gani?

Maduka ya mashine za michezo hufunguliwa kwa nchi maalumu, wala si kila nchi imo katika orodha. Kabla ya kununua mashine, tazama kama Tanzania imo miongoni mwa nchi zinazohudumiwa na duka lake. Mashine isiyo na tundu la diski, katika nchi ambayo duka lake halifiki, ni kama jiko la gesi mahali pasipouzwa gesi.

Nchi isipokuwemo, watu hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine na kununua vocha za duka kutoka kwa wauzaji wa mitaani au wa mitandao ya kijamii. Njia hii ina hatari tatu. Kwanza, vocha ya nchi moja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye akaunti ya nchi nyingine. Pili, kutoa taarifa za uongo kuhusu nchi unayoishi kunaweza kuwa uvunjaji wa masharti, na ukipata tatizo hutakuwa na hoja imara ya kuomba msaada. Tatu, namba ya vocha ikishasomwa na mtu mwingine, thamani yake imekwisha. Usilipe vocha kwa picha iliyotumwa na mtu usiyemfahamu, wala usikubali kumpa muuzaji nenosiri la akaunti yako ili "akuwekee" mwenyewe.

Mashine iliyotumika na michezo iliyomo ndani

Mashine nyingi zinazofika Mombo, Mkata na Kabuku zimekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Kununua mashine iliyotumika si kosa, na mara nyingi ni uamuzi mzuri wa kibajeti. Tatizo huanzia kwenye maneno "ina michezo ndani".

Tuchukue mfano. Mashine tupu ya aina fulani inauzwa shilingi 400,000. Muuzaji anataka shilingi 550,000 kwa sababu yake ina michezo kumi iliyopakuliwa. Shilingi 150,000 za ziada ni malipo ya michezo ambayo leseni zake zimefungwa na akaunti ya muuzaji au ya mtu mwingine kabla yake. Mwenye akaunti akibadili nenosiri, au akiiondoa mashine hiyo katika orodha ya mashine zake, michezo yote kumi inaweza kufungwa siku moja. Mnunuzi atabaki na mashine tupu aliyoinunua kwa bei ya iliyojaa.

Wako pia wanaouza mashine zilizochakachuliwa ili zipokee michezo isiyolipiwa. Kampuni iliyotengeneza mashine ikigundua, huweza kuifungia mashine hiyo isiingie tena kwenye huduma zake za mtandao, na kifungo hicho huifuata mashine hata ikibadili mwenyewe. Aidha, kunakili na kuuza kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki, ambayo nchini husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

Kwa hiyo, unaponunua mashine iliyotumika:

1. Kadiria bei kana kwamba ni tupu.
2. Mwombe muuzaji aondoe akaunti yake na kuirejesha mashine katika hali ya kiwandani mbele yako.
3. Ingia kwa akaunti yako na uunganishe mtandao papo hapo. Mashine iliyofungiwa itajulikana hapo.
4. Jaribu tundu la diski, pedi na nyaya zote.
5. Andikiana na muuzaji: tarehe, bei, namba ya utambulisho wa mashine, na majina ya pande zote mbili. Ukinunua dukani, dai risiti ya EFD.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayokutetea iwapo itabainika baadaye kwamba mashine iliibwa.

Kwa mwenye kibanda

Vibanda vya gemu ni riziki ya vijana wengi, na watoto hupenda kukusanyika hapo. Mwenye kibanda ajue kwamba leseni ya kawaida ya mchezo wa kupakua ni ya matumizi ya nyumbani. Kutoza watu fedha kwa kuucheza ni matumizi ya biashara, na yanaweza kuhitaji kibali cha mwenye mchezo. Akaunti ikifungwa, mtaji wote wa michezo uliomo hufungwa nayo. Kabla ya kutia fedha nyingi katika michezo ya kupakua, soma masharti yanayohusu matumizi ya biashara, na uweke kumbukumbu ya kila ulichonunua. Usiweke michezo yote ya kibanda katika akaunti moja ambayo nenosiri lake linajulikana na kila anayekushikia zamu. Leseni ya biashara kutoka halmashauri hukuruhusu kuendesha kibanda. Haichukui nafasi ya ruhusa ya mwenye mchezo.

Watoto, namba ya siri na kamari

Mtoto hahitaji kuijua namba ya siri ya simu ili atumie fedha za mzazi. Inatosha kadi ya benki iwe imehifadhiwa kwenye akaunti ya mashine. Mzazi afanye mambo matatu: asihifadhi kadi kwenye mashine, aweke namba ya siri kwa kila ununuzi, na afungue akaunti ya mtoto iliyo chini ya akaunti yake mwenyewe. Mashine nyingi za kisasa zina mipangilio hiyo, pamoja na kikomo cha matumizi ya fedha na cha muda wa kucheza.

Taarifa binafsi za mtoto nazo ni mali. Jina kamili, shule anayosoma na picha yake havihitajiki ili kucheza drafti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa kila mtu haki juu ya taarifa zake, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayopokea malalamiko.

Yapo pia maumbo ya michezo ya ubao, hasa ludo na karata, ambayo humtaka mchezaji aweke fedha ili ashinde fedha. Huo si mchezo wa familia tena bali ni kamari, hata kama ubao na rangi ni zilezile. Michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, huhitaji leseni, na ni marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Ukiona mchezo wa mtoto unaahidi "kutoa" fedha kwenda kwenye simu, uondoe.

Ukipatwa na tatizo

Mlalamikaji mwenye kumbukumbu husikilizwa mapema kuliko mwenye hasira. Hifadhi ujumbe wa muamala, picha ya tangazo ulilolisoma, barua pepe ya uthibitisho na majibu yote uliyopewa. Kisha fuata mpangilio huu:

Anza kwa muuzaji au duka la mtandaoni, kwa maandishi, ukieleza ulichonunua, lini, kwa bei gani, na unataka nini: mchezo urekebishwe, ubadilishwe, au fedha irudi.

Kama fedha ilitumwa kimakosa au kwa udanganyifu kwa njia ya simu, wasiliana na mtoa huduma wako mara moja; fedha ikishatolewa upande wa pili ni vigumu kuirudisha. Ujumbe wa utapeli na namba iliyoutuma unaweza kuripotiwa kwa kutuma kwenda 15040. Ni vizuri pia kupiga *106# ili ujue ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Tatizo likiwa ni la huduma ya mawasiliano yenyewe, kama bando lililokatwa isivyo halali, na mtoa huduma hakukuridhisha, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Likiwa ni tangazo la uongo au bidhaa bandia, lipeleke Tume ya Ushindani, FCC. Wizi, utapeli na kuingiliwa kwa akaunti ni makosa ya jinai. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Tuseme ukweli hapa pia: muuzaji akiwa ng'ambo, asiye na ofisi wala wakala nchini, njia ya kumfikia huwa ndefu. Hiyo ndiyo sababu makala hii imetumia kurasa nyingi kwa yale ya kufanya kabla ya kulipa, na chache kwa yale ya baadaye.

Maswali saba ya kujiuliza

Kabla ya kubonyeza "nunua", jiulize:

1. Je, duka hili linahudumia Tanzania?
2. Je, familia yangu inaweza kucheza mbele ya runinga moja, bila mtandao?
3. Je, sheria za mchezo ndizo tunazozijua?
4. Je, bei yote ni shilingi ngapi, pamoja na bando, uanachama na sarafu za ndani?
5. Je, fedha hurudishwa katika hali gani, na haki hiyo hukoma lini?
6. Je, akaunti ni yangu, na nenosiri ninalo mimi peke yangu?
7. Je, mchezo huu ukifungwa baada ya miaka mitano, nitakuwa nimeufaidi kwa thamani niliyolipa?

Swali la saba ndilo kubwa. Anayelijibu kwa ndiyo anaweza kununua kwa moyo mweupe, kwa kuwa amejua kwamba analipia muda wa kufurahi na wenzake, kama alipiavyo tiketi ya mpira. Anayetaka kitu cha kumiliki na kuwaachia wajukuu, ubao wa mti na mfuko wa komwe bado vinauzwa, na havihitaji bando.